Usiongeze masharti kwenye mwongozo wa wachangiaji kabla hujaufuata mwenyewe

SWALI: Ninasimamia maktaba ndogo ya programu huria ya kusoma faili za majedwali. Tuko wasimamizi wawili, na kila mmoja ana kazi nyingine. Tuliweka faili ya CONTRIBUTING.md, yaani mwongozo wa wachangiaji, niliyoinakili kwenye mradi mkubwa, nikabadilisha majina. Hata hivyo watu wanaleta mabadiliko yasiyopita majaribio, na wengine wanapanga upya faili nzima ili kusahihisha mstari mmoja. Ni wazi hawasomi. Je, niongeze masharti na orodha ya visanduku vya kutiki? Na niwalazimishe kuweka mstari wa Signed-off-by, ile sahihi ya mchangiaji chini ya kila badiliko, kama kule nilikonakili?

JIBU: Ndugu yangu, usiongeze hata sharti moja kwa sasa. Unasema hawasomi, lakini umejuaje? Katika miradi ninayoombwa kuikagua, mara nyingi watu wamesoma, wakajaribu kufuata, wakakwama, kisha wakatuma walichonacho. Chukua kompyuta ambayo haijawahi kugusa mradi wako, au kontena tupu (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta yako), ufuate mwongozo wako neno kwa neno bila kuongeza chochote unachokijua kichwani. Pale utakapokwama ndipo wanapokwama wao.

Nitakuonyesha mstari ninaoukuta karibu kila mahali: "Hakikisha majaribio yote yanapita kabla ya kutuma." Yanaendeshwa kwa amri gani, ukiwa folda ipi? Yanataka toleo lipi la lugha? Ni lazima hifadhidata iwe imewashwa? Yanachukua sekunde kumi au nusu saa? Na lile jaribio linaloshindwa kwenye Windows tangu zamani, ambalo wewe na mwenzako mmelizoea, mgeni atajuaje kwamba si yeye aliyeliharibu? Kama mradi wako unaendeshwa kwa make, programu ya kuendesha amri za mradi, andika hivi: "Ukiwa folda kuu, andika make test. Inachukua kama dakika mbili. Jaribio la tarehe likishindwa kwenye Windows, liache, tunalijua." Ukiandika hivyo, hata mtu anayefungua mradi wako usiku akiwa amechoka ataweza kuyaendesha.

Suala la faili kupangwa upya halitatuliwi kwa sentensi yoyote. Aghalabu mchangiaji hata hajui amefanya hivyo, kwa sababu kihariri chake hupanga msimbo chenyewe kila anapohifadhi. Weka faili ya .editorconfig, inayoviambia vihariri jinsi ya kupanga msimbo, na mipangilio ya kipanga msimbo ndani ya mradi, kisha ukaguzi wa otomatiki ukatae kilichopinda. Mashine ikimwambia amekosea nafasi za mwanzo wa mstari, hakasiriki. Ukimwambia wewe kwa mara ya tatu, anaondoka.

Visanduku vya kutiki navyo uviache. Mzembe huvitiki vyote kwa pumzi moja, ilhali mwangalifu hukaa akijiuliza kama anastahili kutiki cha nne, halafu hatumi kabisa. Unajikuta umewachuja wale uliowataka.

Kinachonisikitisha zaidi ni hii imani kwamba mwongozo mrefu ndio alama ya mradi makini. Wapo wanaofundisha kuwa ukikusanya faili kadhaa tayari, ndani ya dakika tano mradi wako "umekamilika". Siku hizi wengine wanaiachia akili bandia iandike, nayo inaandika kwa ufasaha kabisa kuhusu folda zisizokuwepo na amri ambazo hakuna aliyewahi kuziendesha. Utaratibu wa mradi mkubwa umetokana na shida za mradi ule. Wasanidi wa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, hutuma viraka (mabadiliko ya msimbo) kwa barua pepe kwa msimamizi wa kila sehemu, na wana faili iitwayo MAINTAINERS inayosema nani anasimamia nini, kwa sababu watu ni wengi mno na msimbo ni mkubwa mno kwa mtu mmoja kuukagua. Ninyi mko wawili. Ukinakili "kamati husika itajibu ndani ya saa 48", umetoa ahadi ambayo hamtaitimiza, na mgeni aliyekaa wiki tatu bila jibu hatarudi.

Mwongozo wenu useme yale ambayo mashine haiwezi kuyasema. Mabadiliko gani hamyataki hata yakiandikwa vizuri. Kazi ya ukubwa gani ijadiliwe kwanza kabla mtu hajaianza. Mnajibu baada ya muda gani kwa kweli. Kama ni mara moja kwa mwezi, andika mara moja kwa mwezi, watu watakuvumilia. Kiungo cha mwongozo huo kiwe pia kwenye README, faili ya utambulisho wa mradi. GitHub, tovuti inayohifadhi miradi, humwonyesha mchangiaji kiungo cha mwongozo huo anapofungua ombi la kuunganisha (pull request), na wakati huo msimbo ameshauandika. Kumwambia hapo kwamba hamkuitaka kazi hiyo ni kumpotezea siku zake.

Sasa Signed-off-by. Hapa nawaambia wote wanaonakili, si wewe peke yako. Mstari huo ulianza kutumika kwenye kerneli ya Linux mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi ya madai kuhusu asili ya msimbo. Anayeuweka anakubali tamko maalumu, Developer Certificate of Origin, kwamba ana haki ya kutoa mchango huo chini ya leseni ya mradi. Amri ya git commit -s, ya git ambayo ni programu ya kutunza historia ya msimbo, huandika jina na anwani ya barua pepe tu, haithibitishi chochote. Mradi unaodai mstari huo bila kueleza unarejelea tamko gani unakusanya sahihi zisizo na hati. Wanaonakili mkataba mzima wa wachangiaji wako pabaya zaidi, kwa sababu jina la taasisi ya watu wengine likibaki ndani, wachangiaji wako wanaahidi haki zao kwa taasisi hiyo. Kwa maktaba yenu, faili ya LICENSE iliyo wazi na sentensi moja kwamba michango yote inaingia chini ya leseni hiyohiyo inatosha kuanzia. Siku mtakapotaka zaidi, muulizeni mwanasheria.

Angalia pia kanuni za maadili. Contributor Covenant, hati ya mfano ya kanuni hizo iliyotoka mwaka 2014, ina mabano yanayomtaka mwenye mradi aandike njia ya kupokea malalamiko. Miradi mingi imeichapisha na mabano hayo yakiwa wazi. Mtu aliyetukanwa anafungua faili hiyo akitafuta wa kumwambia, anakuta nafasi tupu. Kama hamna mtu aliye tayari kupokea na kushughulikia malalamiko, msiichapishe hadi mumpate.

Na kama mwongozo wenu umetaja anwani ya kuripoti udhaifu wa usalama, itumie barua leo wewe mwenyewe, uone kama inamfikia yeyote.