Kutoka mgodini hadi ghalani: majibu kuhusu silaha na vipuri vyake

Safu iliyopita ilieleza jinsi Umoja wa Ulaya ulivyoiahidi Ukraine, Machi 2023, makombora milioni moja ya mizinga ndani ya miezi 12, na muda ulipofika ukawa umefikisha kama nusu tu. Ujumbe umemiminika tangu hapo. Nimejibu ile iliyoulizwa na wengi.

Ulaya ina fedha, ina viwanda, ina wahandisi. Inashindwaje kutengeneza kitu cha tangu enzi za Vita Kuu ya Kwanza? (Mwanafunzi wa uhandisi, Mlimani)

Kombora la mizinga lina ganda la chuma, TNT (kilipuzi) ndani yake, fyuzi ya kulilipua puani, na baruti ya kulisukuma litoke mtutuni. Kila kimoja kina kiwanda chake na malighafi yake. Ganda ndilo rahisi. Kwa upande wa TNT, kiwanda kikubwa kilichobaki katika Umoja wa Ulaya vita ya 2022 ilipoanza kilikuwa kimoja, Nitro-Chem cha Bydgoszcz, Poland. Baruti ya kusukuma nayo hutokana na nitroselulosi, na nitroselulosi hutokana na pamba: yale manyoya mafupi yanayong'ang'ania mbegu baada ya pamba kuchambuliwa kiwandani. Watu wa Shinyanga na Simiyu wanayajua vizuri. Ulaya huyanunua kwa wingi kutoka China. Basi waziri anaweza kusaini malipo Brussels leo, na kiwanda kikakaa kinasubiri marobota.

Halafu kuna suala la mteja. Mwenye kiwanda cha sabuni akikosa soko Tanga atauza Mbeya. Mwenye kiwanda cha makombora ana mteja mmoja, serikali yake, na hata akitaka kuuza nje lazima serikali hiyohiyo iridhie. Vita Baridi ilipoisha oda zilikauka, mitambo ikafungwa, mafundi wakastaafu na ujuzi wao. Marekani ilikuwa na kampuni kuu 51 za ulinzi na anga miaka ya 1990, zimebaki 5. Kabla ya vita ya 2022 ilikuwa inatengeneza makombora ya milimita 155 kama 14,000 tu kwa mwezi. Kombora la Stinger, la kutungulia ndege, lilikuwa halijaagizwa na Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, kwa takriban miaka 18. Lilipohitajika kwa wingi, Raytheon inayolitengeneza ikaeleza kwamba baadhi ya vipuri vyake vya elektroniki havipatikani tena sokoni, ikabidi sehemu ya kichwa isanifiwe upya.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Minden, Louisiana. Kiwanda pekee Amerika Kaskazini kilichokuwa kikitengeneza baruti nyeusi ya kijeshi kililipuka Juni 2021. Baruti hiyo huwekwa kidogo tu, kama kiwashio, lakini huwekwa kwenye risasi na makombora ya aina nyingi mno. Bila kiwashio, vingine vyote ni chuma kizito tu.

Mimi nauza vipuri vya magari Gerezani, na feki zinatutesa. Hivi na majeshi makubwa huuziwa feki? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Huuziwa, kaka, tena sana. Kamati ya Seneti ya Marekani inayosimamia majeshi ilitoa ripoti mwaka 2012 iliyotaja kesi kama 1,800 za vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia, jumla vipande zaidi ya milioni moja. Vingine vilikutwa kwenye ndege za uchukuzi za C-130J. Nyingi kati ya zilizofuatiliwa hadi chanzo zilianzia China.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kompyuta zilizotupwa hukusanywa, bodi zake hupashwa moto mpaka chipu zing'oke. Chipu huoshwa, maandishi ya juu husuguliwa kwa msasa, hupakwa rangi, kisha huchapwa namba na tarehe mpya. Ukiishika mkononi huwezi kuitofautisha na ya kiwandani.

Mlango hufunguka kwa sababu ndege ya kivita hutumika miaka 30 hata 40, ilhali chipu huondoka sokoni baada ya michache. Mtengenezaji halisi akisema hatoi tena, mnunuzi huanza kuzunguka kwa madalali, na dalali wa tatu hajui yule wa kwanza aliokota wapi mzigo. Wewe wa Gerezani unalijua hili kuliko mimi. Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa 2011 inayombebesha mkandarasi gharama ya kuondoa kipuri feki alichokifunga. Mimi naiona ni sheria nzuri, maana anayelipa ndiye anayekagua.

Nabeba kobalti kutoka Kolwezi, napita Kasumbalesa, Nakonde na Tunduma hadi bandari ya Dar. Ni kweli mzigo huu unakwenda kutengeneza silaha? (Dereva wa lori)

Sehemu kubwa huishia kwenye betri za simu na za magari. Lakini sehemu nyingine, ndiyo. Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na usafishaji mwingi hufanyika China. Kobalti huingia kwenye aloi (mchanganyiko wa metali) za mapanga ya injini za ndege, yale yanayozunguka katika moto ambao chuma cha kawaida kingelegea. Ikichanganywa na samariamu, mojawapo ya madini adimu, hutoa sumaku isiyopoteza nguvu kwenye joto kali.

Sumaku ya namna hiyo ndiyo iliyosimamisha mradi wa silaha ulio ghali kuliko yote, wa ndege ya kivita ya F-35. Septemba 2022, Pentagon iliacha kupokea F-35 mpya baada ya kubainika kwamba sumaku ndani ya mtambo uliotengenezwa na Honeywell ilikuwa na aloi ya kobalti na samariamu kutoka China, kinyume cha sheria ya manunuzi ya Marekani. F-35 ina vipande kama 300,000, kutoka kwa wasambazaji zaidi ya 1,900. Kampuni ya ngazi ya chini ilimuuzia wa juu yake, naye akamuuzia wa juu yake, hadi Lockheed Martin inayoiunda ndege, na kule juu hawakuwa wanajua aloi ilitoka wapi. Mwezi uliofuata kikatolewa kibali maalumu, kazi ikaendelea.

Na wewe ukipita Songwe, unapita mkoa wenye Ngualla, penye hazina kubwa ya madini adimu ya kutengenezea sumaku. Ningependa kila mbunge anayezungumzia Ngualla aanze na swali moja: usafishaji utafanyika wapi? Anayesafisha ndiye anayeweza kumnyima mwenzake, na China imelionyesha hilo. Desemba 2024 iliizuia Marekani kununua galiamu, jemaniamu na antimoni yake, madini yanayotumika kwenye elektroniki na silaha.

Tanzania tunatengeneza chochote wenyewe? (Msomaji, Ukonga)

Ndiyo. Shirika la Mzinga, Morogoro, hutengeneza risasi. Nyumbu, pale Kibaha, ni kituo cha teknolojia ya magari. Zana kubwa tunaagiza nje.

Ile "chenji ya rada" ilitokana na nini hasa? (Mwalimu mstaafu, Temeke)

Shikamoo mwalimu. Serikali ilinunua rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Baadaye ikafichuka kwamba dola kama milioni 12 zilipitia kwa mtu wa kati. Desemba 2010, mahakamani London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na kukubali kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Fedha hizo zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Rada haina bei ya dukani ambayo mwananchi anaweza kulinganisha, na usiri wa jeshi humfunika dalali pamoja na mtambo. Uwezo wa rada ni siri halali. Jina la dalali na fungu lake si siri ya ulinzi, na hapo sitabadili msimamo.

Kwa nini walitunza mabomu karibu na watu? Na watoto bado wanaokota vyuma chakavu, naogopa. (Mama, Mbagala Kuu)

Pole sana mama. Mabomu ya Mbagala yalilipuka tarehe 29 Aprili 2009, ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya 20 walikufa. Makambi yalikuwa nje ya mji, mji ukayafuata, na hakuna aliyeuzuia wala kuyahamisha mapema.

Wanaonunua silaha hupenda kuhesabu mzigo ukipokelewa. Ila baruti ile ya nitroselulosi niliyoitaja juu huoza. Huwekewa dawa ya kuituliza, dawa huisha taratibu, na joto huharakisha. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha yenyewe. Kwa hiyo kila shehena inahitaji kupimwa mara kwa mara na kuteketezwa muda wake ukifika, na gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti siku ileile inaponunuliwa.

Kuhusu watoto: wakikuta chuma cha mviringo au chenye ncha kilichofukiwa nusu, wasikiguse, wasikirushie mawe, wala wasikipeleke kwa wanunuzi wa skrepa. Weka alama mbali kidogo nacho, zuia watu wasisogee, mwarifu mjumbe na piga 112.