Pima ndani ya droo, si usoni

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu droo za jikoni na zile trei za kupanuka, za mianzi au za plastiki, zenye mbawa unazozivuta pembeni mpaka ziguse kuta za droo. Naanza na swali lililoulizwa na watu wengi zaidi.

Shikamoo mama. Nimenunua trei ya mianzi, kwenye boksi imeandikwa sentimita 40 hadi 58. Droo yangu nilishaipima, ina 48. Nimefika nyumbani trei haiingii kabisa, na dukani wanasema kilichouzwa hakirudishwi. Nimekosea wapi? (Nyakato, Mwanza)

Marahaba, mwanangu. Umepima uso wa droo, ule ubao wa mbele wenye kishikio. Uso huo huwa mpana kuliko sanduku lililo nyuma yake, na tofauti si ndogo. Twende pamoja kwenye droo yako. Uso una sentimita 48, na kwa kawaida unafunika kingo za kabati sentimita moja kila upande, kwa hiyo uwazi wa kabati ni 46. Reli za chuma za pembeni zinakula karibu sentimita 1.3 kila upande, ile nusu inchi ambayo kila fundi wa makabati anaijua. Zimebaki 43.4. Kuta za droo kama ni mbao za milimita 18, ambazo ndizo wengi wanatumia, zinakula 3.6 kwa pamoja. Ndani umebaki na sentimita 39.8, na trei yako ikiwa imefungwa kabisa ina 40. Umekosa kwa milimita mbili tu.

Ndiyo maana nawasihi: kwenye boksi la trei, namba ndogo ndiyo ya kuangalia kwanza. Wengi tunaitazama ile kubwa, tunaona 58 tunasema itatosha. Trei inaweza kupanuka, lakini haiwezi kunywea chini ya namba yake ndogo. Chukua futi, toa vitu vyote, pima ndani ya droo ukutani hadi ukutani, tena chini kabisa na si juu, kwa sababu baadhi ya droo zina gundi au vichwa vya skrubu vilivyojitokeza pembeni. Kisha pima kutoka mbele kwenda nyuma. Halafu kina: toka sakafu ya droo hadi chini ya ubao wa juu wa kabati, na uache angalau nusu inchi ya kupumulia, maana upawa ukilala kifudifudi ndani ya trei mgongo wake unainuka, na hapo ndipo droo inapokwama usiku wageni wakiwa sebuleni.

Trei yako usiitupe. Jaribu kuigeuza. Ikiwa urefu wake ni kama sentimita 35, ilaze kwa upande, ili mbawa zake zipanuke kuelekea nyuma ya droo badala ya pembeni. Vijiko vitalala vikikutazama kwa ubavu, haina shida. Utabakiwa na ukanda wa karibu sentimita 5 pembeni, na huo ni mahali pazuri pa mwiko mwembamba au kile kifimbo cha kusukumia chapati. Kama hutaki kuigeuza, na kuta za trei ni nene, fundi seremala anaweza kuipiga randa milimita tatu kwa dakika chache.

Na ikishaingia utaona inatembea kila ukivuta droo. Kata vipande vinne vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vibandike chini yake kwenye pembe nne. Itatulia.

Fundi wangu wa Igoma anasema ananitengenezea ya mbao kwa nafuu. Lakini nataka iwe ya kubadilika kama za dukani. Nimwelekezeje?

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu trei bora niliyowahi kuiona jikoni ilitoka kwa seremala.

Mwambie asitengeneze trei yenye vyumba vya kudumu. Atengeneze vipande viwili virefu vya mbao laini, kimoja cha ukuta wa kushoto wa droo, kingine cha kulia. Kwenye kila kipande achonge mifereji ya kusimama, mmoja kila baada ya inchi moja, na mifereji ya kushoto itazamane sawasawa na ya kulia. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na mifereji ikipishana hata kidogo vigawio vitakaa mshazari. Njia ya uhakika ni kuvibana vipande vyote viwili pamoja na kuvikata kwa mkupuo mmoja wa msumeno. Vigawio vyenyewe viwe vya plaiwudi ya milimita 6, na mfereji uwe na upana wa 7. Ile milimita moja ya ziada ni muhimu sana kwetu, maana masika mbao zinavuta unyevu na kuvimba, na kigawio kilichoingia kwa kubana mwezi wa Januari hakitatoka mwezi wa Aprili.

Vigawio vya kushoto kwenda kulia vinatosha kwa miiko na pawa. Ukitaka vyumba vidogo vya vijiko, achonge mifereji kwenye vigawio hivyo hivyo, uweze kupachika vifupi kati yake.

Vipande vya pembeni asivigonge misumari. Vibane kwa skrubu mbili mbili, ili siku ukihama uvitoe uondoke navyo. Msasa apige mpaka kidole kipite bila kuchomwa, kisha vanishi mikono miwili, na droo iachwe wazi siku kadhaa harufu itoke kabla ya kijiko chochote kuingia.

Wasiopenda mbao wanaweza kwenda kwa mafundi bati. Mwanza tuna urithi wa kazi hiyo: Makoroboi imepewa jina lake na koroboi, zile taa ndogo za mafuta zilizotengenezwa kwa makopo. Visanduku vya bati vya ukubwa tofauti, vinavyopangwa kwenye droo kama matofali, ni trei ya kubadilika pia. Sharti moja: kingo zote zikunjwe kwa ndani. Bati lisilokunjwa ni wembe.

Droo yangu ina kila kitu. Visu, mishumaa, chaja mbovu, risiti, dawa ya meno, funguo za nyumba tuliyohama. Nikinunua trei itasaidia? (Mkolani)

Bado. Trei haipunguzi vitu, inavipa vyumba tu, na chaja mbovu ikipewa chumba itakaa miaka kumi.

Tandika kanga sakafuni, mwaga droo yote. Kisha usianze kuchagua cha kutupa, maana hapo moyo unashindwa. Anza na ulichotumia wiki hii. Utashangaa ni vichache: mwiko wa ugali, upawa, kisu cha mboga, vijiko vya chai, chujio, kifungua soda, labda kile cha kuparia samaki. Hivyo virudi kwanza. Vya mwezi huu vifuate, nyuma ya droo. Vilivyobaki kwenye kanga vitie kwenye mfuko, uufunge, uandike tarehe, uweke juu ya kabati. Ukienda kuchukua kitu mfukoni, kimejipatia haki ya kurudi. Ambacho hakijafuatwa baada ya miezi miwili, kitoe bila kufungua mjadala.

Funguo za nyumba mliyohama zirudisheni, tafadhali. Mwenye nyumba anazihitaji.

Jambo moja nalisisitiza: vitu vya giza vipewe chumba chao mbele kabisa, upande wa mkono unaotumia. Kiberiti, mshumaa, tochi, na karatasi yenye namba ya mita ya LUKU. Umeme ukikatika unapapasa, huoni, kwa hiyo mahali hapo pasibadilike kamwe na kila mtu nyumbani apajue. Visu visiwe jirani na chumba hicho.

Trei yangu ya mianzi imeota ukungu wa kijani kwenye pembe. Tunakaa Luchelele, karibu na maji kabisa. Niipake mafuta ya alizeti?

Hapana, mama. Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye mbao au mianzi yanachacha, yananata, na vumbi lote la jikoni linaganda hapo. Isugue kwa brashi na maji ya vuguvugu yenye sabuni, usiiloweke. Ipanguse kwa siki, iache dakika kumi, ipanguse tena kwa maji kidogo. Kisha isimamishe wima mahali penye upepo hadi ikauke pande zote. Jua la asubuhi ni zuri, jua kali la mchana linaipasua.

Lakini chanzo si trei. Vijiko vinaingia droo vikiwa vimelowa. Huko karibu na ziwa hewa yenyewe ina unyevu, droo iliyofungwa haikaushi kitu. Viache kwenye kichungio cha vyombo usiku kucha, uvipange asubuhi. Kama hilo haliwezekani kwa wingi wa watu nyumbani, chagua trei ya plastiki.

Mende wameingia kwenye droo ya vijiko. Nikipulizia dawa nifunge droo, si watakufa wote? (Nansio, Ukerewe)

Usipulizie dawa mahali ambapo kijiko cha mtoto kinalala. Naomba sana.

Toa droo nzima kwenye reli zake, siyo kuivuta tu. Geuza uangalie chini, kwenye pembe na nyuma ya reli, kwa sababu huko ndiko wanakoshinda mchana. Kama umepanga droo kwa maboksi ya viatu au umetandika kadibodi, hapo ndipo tatizo lilipo. Ile kadibodi yenye mawimbi katikati ni nyumba nzuri kwa mende, na gundi yake ya wanga ni chakula chao. Iondoe yote. Osha droo kwa maji ya moto na sabuni, kausha kabisa. Yule mende mdogo wa kahawia hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, kwa hiyo usafi wa siku moja hautoshi, rudia kila wiki kwa mwezi mzima. Dawa ya jeli unaweza kuiweka kidogo nyuma ya kabati au nyuma ya friji, mbali na vyombo na mbali na watoto. Na usiku sinki liwe kavu. Mende anavumilia njaa kuliko kiu.

Visu nivipange kwenye trei hiyo hiyo ya vijiko? Nina mtoto wa miaka mitatu.

Hapana. Juu, asikofika. Kile kirefu cha kupasulia sangara kivishwe ala, hata ya kadibodi iliyofungwa kwa selotepu, ambayo utaibadilisha kila ikilowa.

Mimi nimepanga chumba kimoja Mabatini. Sina kabati wala droo, vijiko vyote viko kwenye ndoo. Haya mambo yananihusu?

Yanakuhusu sana, maana kwenye ndoo kijiko cha chai kinazama chini na mwiko unakaa juu, kila chai unamwaga yote. Tafuta makopo matatu ya maziwa au ya kahawa yenye kingo laini. Toboa chini matundu manne au matano kwa msumari, ukipiga kutoka ndani kwenda nje ili ncha kali zisibaki ndani. Kopo moja la virefu, moja la vijiko vya chakula na uma, moja la vijiko vya chai. Weka vijiko vichwa juu. Panga makopo ndani ya beseni dogo linalokinga maji yanayochuruzika, na kitambaa safi juu yake kuzuia vumbi na inzi. Siku ukipata kabati, uzoefu wako utakuwa umeshakufundisha ni vyumba vingapi unahitaji, na hutanunua trei kwa kubahatisha.

Mama mkwe wangu amekuja kutoka Sengerema, sasa anaishi nasi. Namheshimu na ananisaidia mno. Ila kila nikipanga droo, nikirudi kazini naikuta amepanga upya. Nimeshaweka trei, bado. Nimwambieje bila kumuudhi?

Mwanangu, nani anapika mchana hapo nyumbani? Kwa maelezo yako ni yeye. Basi ile droo ni ya mkono wake zaidi kuliko wako, na anapoipanga upya anaifanya ifae kazi anayoifanya. Hakushindani.

Jumamosi moja ukiwa nyumbani, mwombe apike ugali na sato, wewe ukae pembeni umenye vitunguu. Usiseme lolote kuhusu droo. Tazama tu anavuta nini kwanza, anakiweka wapi akimaliza, nini anakitafuta kwa macho na nini anakipata kwa kupapasa. Watu wa umri wake wengi hawaoni vizuri kwa karibu. Trei yenye vyumba vidogo vinane vinavyofanana inamchosha, anaona heri avirundike pamoja. Huenda anahitaji vyumba vitatu vipana tu.

Kisha mwambie, "Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma), leo tupange pamoja, unionyeshe unavyopenda." Vuteni vigawio vile mnavyoona, trei ya kubadilika kazi yake ni hiyo. Wewe jibakizie sehemu moja, kwa mfano ukanda wa nyuma, kwa vitu vyako vya keki na chupa za mtoto, na umwombe hapo asipaguse. Atakubali, kwa sababu utakuwa umempa pake kwanza.

Na ule mwiko aliokuja nao kutoka kwake, ambao najua haukosi, uweke mbele kabisa, hata kama ni mrefu na itabidi utoe kigawio kimoja ulale vizuri.