Mkuu, usiitumbukize hiyo nyama na barafu yake!

Mkuu, simama hapo hapo, usiwashe kitu. Umesema una nyama ya muundi kilo 2, imeganda kwenye friza, unataka kuilaza kwenye sufuria ya umeme ya kupikia taratibu ili wageni wa Jumapili waikute imelainika. Ukauliza maji kiasi gani, viungo gani, na ndizi ziingie saa ngapi. Halafu kuna mtu hapo juu anakujibu "tupia tu na barafu yake, itayeyukia humo humo". Nimeshindwa kunyamaza.

Maneno hayo hayo niliambiwa na muuzaji aliyeniuzia sufuria yangu Kariakoo, tena kwa kujiamini kabisa. Nikaijaza mpaka kifunikoni, nikalala. Asubuhi nafunua, nyumba inanukia tangawizi, nyama ya juu imeiva. Nikakata lile pande kubwa: karibu na mfupa bado jekundu, nikigusa kwa kidole ni vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Nikalirudisha, nikapandisha moto, mchana tukala. Usiku tukapokezana choo, na mtoto wetu wa mwisho akalazwa, akatundikiwa dripu. Nilipomfuata yule muuzaji akasema labda bucha ndiyo iliniuzia nyama mbovu! Mtu anauza chombo cha kupikia chakula cha watu na hajawahi hata kufungua karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi. Hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Elewa hivi. Kwenye sufuria ya kawaida juu ya mkaa, maji yanachemka mapema. Hii ya umeme inapanda taratibu, ndiyo kazi yake. Ukiiwekea jiwe la barafu, nyama inakaa saa nyingi kati ya nyuzi 5 na 60, joto ambalo bakteria wanazaliana. Na usijidanganye kwamba utaichemsha baadaye: wapo bakteria wanaoacha sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Wao wanakufa, sumu inabaki mchuzini.

Kwa hiyo leo hii itoe friza, iweke chini kwenye friji, ikae siku nzima na usiku wake. Ibonyeze mpaka kwenye mfupa uhakikishe imelegea. Kata vipande, sufuria isizidi theluthi mbili, anza na HIGH saa moja ya kwanza kisha LOW saa 8. Muundi umechagua vizuri, maana zile kano zikikaa muda mrefu kwenye nyuzi 80 hivi zinayeyuka, mchuzi unakuwa mzito wa kunata midomoni. Maji kikombe kimoja tu, mvuke hautoki humo. Na usifunuefunue.

Umeme ukikatika usiku na hujui ulikatika saa ngapi, mwaga. Najua bei ya nyama, mkuu. Mwaga. Ukiwa macho, hamishia kwenye gesi papo hapo umalizie.

Na Jumapili ikifika ukakuta bado kuna barafu kwenye mfupa, achana na hiyo sufuria. Washa mkaa, bandika nyama ichemke kwa nguvu, wageni wapewe chai wasubiri.