Pikapu kuukuu ya 4x4 inakula ngapi? Hesabu za daftari langu, Molo

Ndugu, umeuliza kama Hilux ya zamani ya dizeli, 4x4, itakumaliza kwa mafuta ukibebea viazi na maziwa kati ya Keringet na Nakuru, na ukasema umeshaonyeshwa moja Elburgon. Ninayo ya aina hiyo, modeli ya LN106 yenye injini iitwayo 3L (ni jina tu, si lita tatu), na huu ni mwaka wa sita. Naishi Molo, barabara zako nazijua. Kwa ufupi, ikiwa nzima inakwenda kilomita 9 hadi 10 kwa lita. Ikiugua inashuka hadi 7, na ugonjwa huo ndio utakaokumaliza.

Nilipoinunua nilianza daftari siku hiyo hiyo. Najaza tangi mpaka pampu ikate, naandika kilomita, natembea, kisha narudi kituo kile kile na kujaza tena mpaka ikate. Nagawanya kilomita kwa lita. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimetembea kilomita 412, likaingia lita 44, yaani 9.4. Ukiweka mafuta ya elfu mbili mbili na kuangalia mshale huwezi kujua kitu. Angalia pia saizi ya matairi. Kama gari lilitoka kiwandani na 205R16 na mwenyewe akavisha 265/70R16, tairi ni kubwa kwa asilimia 5 hivi, na mita itasoma kilomita chache kuliko ulizotembea. Utalilaumu gari bure.

Mwezi wa kwanza daftari lilisema 7.2. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeuza ng'ombe wawili kulinunua.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mshale wa joto ulikuwa haupandi. Asubuhi ya Molo, baridi ile ya Julai, naendesha mpaka Njoro na mshale bado uko chini kabisa. Nikamwita fundi mmoja mzee wa hapa mjini. Akafungua kifuniko cha themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akaingiza kidole, akanitazama.

"Mzee, humu hamna kitu."

Palikuwa na pete tu, imekaa pale themostati ilipopaswa kukaa. Mtu aliitoa zamani, pengine gari lilikuwa linachemka, na badala ya kusafisha rejeta akaona njia rahisi ni hiyo. Maji yalikuwa yanazunguka rejeta kutoka dakika ya kwanza, injini haipati joto lake, na dizeli isiyopata joto haiungui vizuri. Tulinunua mpya, na kabla ya kuifunga tukaitia kwenye sufuria juu ya jiko. Ni jaribio zuri, lifanye. Themostati nzima huanza kujifungua kwenye nyuzi 80 hivi, na huku kwetu, kwenye mita 2,500, maji huchemka kwenye 92, kwa hiyo lazima uione imefunguka kabla hayajatokota. Yetu ilijifungua polepole kama mdomo wa samaki. Maji kuchemka mapema hivyo ndiyo sababu kifuniko cha rejeta, kinachoyabana yasichemke upesi, kisipobana vizuri utapata taabu kwenye milima yetu kuliko mtu wa Kisumu. Usikidharau, bei yake ni ndogo.

Baada ya hapo daftari likasema 8.1.

La pili nililikuta kwa mkono. Nilitoka Mau Summit nikateremka Salgaa hadi Nakuru, nikasimama, nikapitisha kiganja karibu na kila rimu. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kushoto iliniunguza. Pistoni ya breki ilikuwa imeshika kutu na hairudi, kwa hiyo nilikuwa natembea nimekanyaga breki bila kujua, mwezi baada ya mwezi. Tukaisafisha, tukaweka raba mpya. Kisha nikapeleka nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, zikapimwe, mbili zikawa zinadondosha badala ya kunyunyiza. Hapo ndipo nikafika 9.4, na sijashuka tena isipokuwa nikiwa na mzigo. Magunia 12 ya kilo 50 hunipeleka 8.3. Kwenye tope la Mei, gia ndogo, nimewahi kuandika 5, na hapo sina malalamiko, kwa sababu wenzangu walikuwa wamelala njiani na maziwa yao yameganda.

Sasa pesa. Tuchukue dizeli shilingi 170 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, wewe utaweka bei ya mwezi wako EPRA, mamlaka ya kawi, ikitangaza tarehe 14. Mimi natembea kilomita 15,000 kwa mwaka. Kwa 7.2 ningechoma lita 2,083, kwa 9.4 nachoma 1,596. Tofauti ni shilingi 83,000 hivi. Mwaka wa pili matengenezo yote, oili, filta, bushi, kila kitu, yalinigharimu 71,000. Yaani themostati, breki na nozeli zilizoharibika zingenila pesa nyingi kuliko kulitunza gari zima mwaka mzima. Mtu akikuambia "hizi gari zinakunywa sana" mwulize amezipima vipi.

Lakini jiandae kwa mwaka wa kwanza. Wangu ulikuwa 186,000. Timing belti, mkanda unaozifanya valvu ziende sawa na pistoni, nilibadilisha siku ya tatu kwa sababu muuzaji hakujua ilibadilishwa lini. Hiyo injini ikikatika belti, valvu zinagonga pistoni, na hapo utafungua hedi. Eksli ya mbele ilikuwa inavuja oili kwenye vifundo vyote viwili, tukaweka sili na bearingi, 28,000. Matairi manne, 68,000. Kama huna akiba ya angalau laki na nusu baada ya kununua, subiri kidogo, nakuomba. Nimeona watu wakinunua kwa pesa yao ya mwisho, gari linakaa kwenye mawe nyuma ya nyumba.

Halafu habu, yaani vitovu vya magurudumu. Kwenye magurudumu ya mbele kuna kifundo cha kuzungusha, FREE na LOCK. Barabara kavu acha zote mbili kwenye FREE, maana ukizifunga (LOCK) utazungusha eksli na propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye eksli, safari nzima bila faida. Na usiingize 4x4 kwenye lami. Gari hili halina difu ya katikati ya kuruhusu eksli zizunguke kwa kasi tofauti, mbele na nyuma zitashindana kwenye kona hadi kitu kivunjike. Mara moja kila mwezi, hata kiangazi, funga habu, ingiza 4x4, tembea kidogo kwenye vumbi ili oili ifike kila mahali.

Kuhusu nguvu, ni kweli mlimani inachoka. Haina turbo ya kuisukumia hewa zaidi, na huku juu hewa imepungua karibu robo ukilinganisha na Mombasa. Fundi atakuambia anaweza kuiongezea kwa skrubu ya pampu. Mkatalie. Ataongeza dizeli, hewa ni ile ile, na utakachopata ni moshi mweusi, ambao ni mafuta uliyolipia yakitokea nyuma bila kuungua. Shuka gia, panda taratibu, utafika.

Bima niliyopata ni ya third party tu, inayolipa hasara za wengine na si gari lako, kwa sababu ya umri wa gari, kwa hiyo likiibiwa nimelia. Ongeza ukaguzi wa kila mwaka na kodi ya mapema ya KRA kwa magari ya mzigo, watu husahau kuviweka kwenye hesabu.

Ile ya Elburgon sasa. Lala chini yake uone kama propela ya mbele ipo, wengine huitoa na kuendelea kuiita 4x4. Gonga chesisi kwa bisibisi pale springi za nyuma zinaposhikilia, kutu hupenda hapo. Soma namba ya injini ulinganishe na logbook, kwa maana nyingi zimebadilishwa injini. Na mpigie muuzaji simu usiku, mwambie asiiwashe kabla hujafika, maana injini ikiwashwa baridi ndipo huonyesha ugonjwa wake. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti kabla hata ya salamu kwisha. Ukikuta ni ya moto, mwambie utarudi kesho asubuhi, na urudi kweli.