Mtoto mwenye usonji kwenye kiti cha meno
Mdogo wangu, umeuliza mwanafunzi wa afya ya kinywa afanyeje mtoto mwenye usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, akikataa kufungua mdomo. Asimshike kwa nguvu! Hapa Kigoma wanafunzi wangu siku ya kwanza hawagusi jino. Mtoto anapanda kiti, anashika kile kioo kidogo, anarudi zake Ujiji na mama yake. Akija tena, anaelezwa kifaa kinafanya nini, anaonyeshwa kwenye kidole chake, ndipo kazi ianze. Mama aulizwe kelele gani zinamtisha mwanawe, maana yeye ndiye anayejua. Aulizwe na dawa pia: fenitoini ya kifafa inaweza kukuza fizi mpaka zifunike meno. Wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, nao huwahi kuugua fizi, hata wakiwa vijana.