Kabla Mpira Haujafika: Beki wa Kati Amsome Diego Godín

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: kijana anayecheza beki wa kati amsome beki gani wa Amerika Kusini aliyecheza Ulaya, na ajifunze nini hasa kwake? Jibu langu ni Diego Godín wa Uruguay. Najua wengi watamsifu kwa ugumu: uso uliopasuka, meno aliyoyaacha uwanjani Februari 2018 alipogongana na Neto, kipa wa Valencia. Ugumu alikuwa nao, lakini si huo uliomfikisha alikofika. Godín alikuwa beki wa hatua mbili, zile anazopiga kabla mpira haujamfikia. Ukizielewa hizo hatua mbili, unaelewa mabao yake, unaelewa miaka yake tisa Madrid, na unaelewa pia kwa nini mambo yalimwia magumu Inter ya Milan.

Nianze na njia aliyopita, maana nayo ni somo. Alizaliwa Februari 1986 Rosario. Si ile Rosario ya Argentina ya kina Messi, ni mji mdogo wa Uruguay katika mkoa wa Colonia. Soka la wakubwa alilianza Cerro ya Montevideo mwaka 2003 akiwa na miaka 17, akaenda Nacional mwaka 2006, na mwaka 2007 akanunuliwa na Villarreal ya Hispania. Piga hesabu: alipopanda ndege alikuwa na miaka minne ya kugongana na wanaume wazima, na timu ya taifa alikuwa ameshaichezea tangu 2005. Kanuni za FIFA zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, lakini kutimiza 18 hakumaanishi umeiva. Beki huiva polepole kuliko winga. Winga akikosea, mpira unarushwa. Beki akikosea, kipa anauokota wavuni. Thiago Silva wa Brazil alikwenda Ureno na Urusi mapema, akaugua kifua kikuu akiwa Moscow, ikabidi arudi nyumbani Fluminense mwaka 2006 ajijenge upya ndipo AC Milan wamchukue. Alifanikiwa, ila kwa kuzunguka sana.

Kuna na suala la makaratasi, ambalo mashabiki hulisahau. Ligi kuu ya Hispania huruhusu wachezaji wachache tu wasio na uraia wa Umoja wa Ulaya kwa kila timu. Klabu haitaki kumpa beki nafasi moja kati ya hizo chache kama hapo hapo kuna mshambuliaji anaihitaji. Ndiyo maana mchezaji wa Uruguay au Argentina mwenye babu Mwitaliano au Mhispania huanza kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha babu kabla hata ya kutafuta wakala. Asiye na babu wa namna hiyo ana mlango mwingine: sheria ya Hispania humruhusu raia wa nchi za Amerika ya Kihispania, na Mbrazili pia, kuomba uraia baada ya kuishi kihalali miaka miwili, wakati wageni wengi wengine husubiri kumi. Na klabu ndogo iliyomlea haiachwi mikono mitupu: mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23.

Villarreal ya kocha Manuel Pellegrini ilimaliza ya pili nyuma ya Real Madrid katika msimu wa kwanza wa Godín, 2007-08. Agosti 2010 akahamia Atlético Madrid. Desemba 2011 Diego Simeone akakabidhiwa timu, na hapo ndipo beki mzuri akawa beki wa kukumbukwa.

Simeone alicheza 4-4-2 iliyobanana: mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Kutoka mshambuliaji wa mbele hadi mstari wa mabeki usingeona zaidi ya mita 25 hadi 30. Katikati hapakuwa na njia, hivyo mpinzani alisukumwa pembeni makusudi apige krosi. Na krosi ndizo Godín na mwenzake Miranda, Mbrazili, walizokuwa wakizisubiri. Tazama picha za wakati ule: winga anapoinua kichwa ili apige, Godín hauangalii mpira peke yake. Mwili umefunguka nusu, bega moja kwa mpira na jingine kwa mshambuliaji, uzito uko kwenye vidole vya miguu, na mkono wa karibu unamgusa mtu kidogo tu ili ajue yuko wapi. Halafu hatua ya kwanza, fupi, ya kujiweka sawa. Kisha ya pili, ndefu, ya kwenda kwenye mpira. Beki anayeanza kusogea baada ya mpira kupigwa amechelewa, na aliyechelewa ndiye anayevuta jezi na kusababisha penalti.

Kanuni inayomwongoza ni rahisi kuisema, ngumu kuitii dakika 90. Mpinzani mwenye mpira akiwa huru na kichwa kiko juu, rudi hatua mbili, maana pasi ya nyuma ya mabeki inakuja. Akigeuza mgongo au akirudisha mpira nyuma, panda mstari mzima haraka. Kosa la kawaida la beki kijana ni kurudi mwenyewe wakati wenzake watatu wamebaki: anawaweka washambuliaji wote sawa, hakuna tena kuotea. Jingine ni kuokoa mpira kwa kichwa kuelekea katikati, mbele ya boksi, palepale kiungo wa mpinzani anaposubiri kupiga shuti. Mpira wa kuokoa uende juu, mbali, na pembeni. Ukishindwa yote matatu, pembeni ndiko muhimu kuliko kwingine.

Jambo moja zaidi: Godín anatumia mguu wa kulia, lakini Atlético alicheza beki wa kati wa upande wa kushoto, kati ya Miranda na Filipe Luís, beki wa kushoto. Kwa mtu wa kulia, upande ule hukulazimisha kupokea mpira ukiwa umeugeukia uwanja wako. Alilimaliza tatizo kwa kutolikuza: mguso mmoja, pasi fupi kwa Filipe Luís, basi. Hakujifanya mchezeshaji. Mwaka 2015 Miranda aliondoka, akaja kusimama naye José María Giménez, Mruguay mwenzake, na msimu wa 2015-16 Atlético waliruhusu mabao 18 tu katika mechi 38 za ligi, sawa na rekodi ya Deportivo ya mwaka 1994.

Sasa mabao, na hapa nitakaa kidogo. Mei 17, 2014, Camp Nou, siku ya mwisho ya ligi. Atlético wanahitaji sare, Barcelona wanahitaji ushindi. Kabla ya dakika ya 25 Diego Costa na Arda Turan wameshatoka kwa majeraha, na dakika ya 33 Alexis Sánchez anafunga. Dakika ya 49, kona ya Gabi. Godín anatokea nyuma, anakuja kwa kasi, anaruka, anapiga kichwa, 1-1. Ubingwa wa kwanza tangu 1996, pointi 90 dhidi ya 87 za Barcelona na 87 za Real Madrid.

Kichwa kile kinafundishika. Usisimame pale unapotaka kupigia mpira. Simama mita tano au sita nyuma yake, nje ya macho ya anayekukaba, ili alazimike kuchagua kati ya kukutazama wewe na kuutazama mpira. Subiri mpaka mpigaji wa kona ameanza kukimbia. Ukianza mapema unafika, unasimama, na aliyesimama haruki kama anayekuja mbio. Nenda kwa mkunjo badala ya mstari ulionyooka. Hatua ya kabla ya mwisho iwe ndefu na ya mwisho kabisa iwe fupi, ili kasi ya kwenda mbele igeuke kuwa ya kwenda juu. Ruka kwa mguu mmoja. Mikono ifunguke kwa ajili ya mizani, viwiko vikiwa chini ya mabega, la sivyo mwamuzi atakupa kadi. Macho wazi. Gonga kwa paji la uso, shingo ikiwa imekazwa, na ulenge chini, kwa sababu kipa huokoa mpira wa juu kwa urahisi kuliko unaodunda mbele ya mstari. Wanaofumba macho hupigia utosi, mpira unapaa, na kichwa kinauma siku nzima.

Wiki moja baadaye, Lisbon, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid. Kona imeokolewa, Juanfran anaurudisha mpira ndani kwa kichwa, kipa Casillas ametoka langoni na kukwama katikati, Godín anaruka na Khedira na kuupitisha mpira juu ya kipa. Dakika ya 36. Hapa hakulenga chini, na alifanya sawa: kipa aliyetoka hupitishiwa juu. Ubingwa ulibaki mikononi mwao hadi dakika ya 93, kona ya Modrić, kichwa cha Ramos. Muda wa ziada ukawamaliza, 4-1. Inauma hadi leo kuona timu iliyowaumiza wengine kwa kona ikiangushwa kwa kona. Walikuwa wamerudi nyuma mno, miguu imeisha, na mabeki waliosimama ndani ya boksi hawamshindi mtu anayekuja akikimbia.

Juni 24 mwaka huo huo, Natal, Uruguay na Italia, akiwa na kitambaa cha unahodha kwa kuwa nahodha Lugano alikuwa nje. Dakika ya 81, kona ya Gastón Ramírez, mpira unamgonga kati ya bega na mgongo na kuingia. Dunia ilizungumzia meno ya Suárez, aliyemng'ata Chiellini wa Italia, lakini lililowapeleka Uruguay mbele ni lile bao la Godín. Wengine waliita bahati. Mimi naona hatua zilezile: alikuwa amewahi kufika.

Mwaka 2019 aliondoka Atlético akiwa na mechi 389, na akajiunga na Inter ya kocha Antonio Conte. Hapa wapo wanaosema aliisha. Naona si haki. Conte alicheza mabeki watatu, na Godín aliwekwa pembeni mwa hao watatu. Beki wa nafasi hiyo huachwa peke yake na winga kwenye eneo pana, na hutakiwa kupanda na mpira. Hatua zake mbili zilikuwa za boksi. Pembeni zinahitajika kumi, na mtu alikuwa na miaka 33. Alikaa benchi, akajifunza, akarudi kikosini, na katika fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Sevilla, Agosti 2020, mpira wa adhabu wa Brozović ulimkuta akiwa angani: 2-2. Wakapoteza 3-2. Kisha Cagliari, kisha Atlético Mineiro, kisha Vélez Sarsfield, na mwaka 2023 akatundika daluga. Timu ya taifa ameichezea mechi 161, rekodi ya Uruguay, na Kombe la Dunia mara nne.

Kijana akitaka mechi moja ya kuanzia, atafute ile ya Novemba 10, 2018, Atlético na Athletic Bilbao. Godín aliumia msuli wa paja wakati nafasi zote za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimekwisha. Hakuweza kukimbia, kwa hiyo akapelekwa mbele akae karibu na lango. Dakika ya 91, matokeo yakiwa 2-2, Griezmann anaushusha mpira kwa kichwa, na yule mchechemeaji tayari yuko mahali pake, anauweka wavuni. Video ikaangaliwa kama aliotea, bao likakubaliwa. Rudisha picha nyuma sekunde tano, usiuangalie mpira kabisa, mwangalie yeye tu, na uzihesabu hatua zake.