Kabla hujanunua kompyuta za ofisi, pitisha waya kwanza

Juzi mdogo wangu kanipigia simu, anafungua ofisi ya uhasibu Buguruni, watu sita, anataka nimwambie anunue laptopu gani. Nikamuuliza, hapo ofisini umeshapitisha waya wa mtandao? Kimya. Nikaona niandike kabisa maana swali hili naulizwa sana, na mimi mwenyewe nilipofungua ofisi nilianzia huko huko kwenye mashine, hela ikaisha, ya mtandao nikabaki nabana bana.

Fundi wa kwanza alituwekea waya umeandikwa Cat6, yaani aina ya waya wa mtandao wa kasi, bei nzuri, nikafurahi. Baada ya miezi kama mitatu printa inapotea kwenye mtandao, ukihamisha faili kubwa linakatika katikati, kila mtu analaumu intaneti kumbe intaneti haina shida yoyote. Kuja kukata ule waya, ndani ni aluminiamu imepakwa shaba kwa juu! Tukang'oa wote tukaweka upya, yaani nililipia kazi moja mara mbili na dari likatobolewa tena. Kwahiyo ukienda dukani omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani muachie waya wake. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka katikati. Halafu usimruhusu fundi apitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme, na kipande kimoja kisizidi mita 100 kutoka kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote. Swichi yenyewe chukua ya giga, yaani inayopitisha megabiti 1000 kwa sekunde, zile za bei chee zimeandikwa 10/100, mwisho wake megabiti 100, na hapo ndio unakuwa umeunyonga mtandao wako mwenyewe. Mko sita? Chukua ya matundu 16, maana printa inataka lake, rauta lake, kamera zinakuja.

WiFi iwepo ila iwe ya simu na wageni, na wageni wawe na yao peke yao wasiingie kwenye mafaili ya wateja. Hili kwa mtu wa uhasibu sio la hiari.

Sasa mashine. Mimi siku hizi nanunua mtumba Kariakoo, zile kompyuta za mezani za ofisi kama OptiPlex au ThinkCentre, na sijutii. Ila ujue kusoma namba. Muuzaji atakwambia "kaka hii i7 hii, inapaa", wewe angalia tarakimu zinazofuata. i7-3770 ni kizazi cha 3, ya zamani sana, wakati i5-8500 ni kizazi cha 8 na hiyo ndio chukua. Sababu ni kwamba Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, chini ya hapo utasikia mafundi wanakwambia "inawezekana kulazimisha", inawezekana kweli lakini sio kwa mashine inayobeba hesabu za watu. RAM 8GB isipungue, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka, hapo usibishane na mtu kabisa. Ofisini kwetu kuna mashine ilikuwa inachukua dakika nne kuwaka, tukabadilisha diski tu, ikawa nusu dakika.

Umeme. Kila kompyuta ya mezani iwe na UPS yake hata ndogo, ule mtambo wa betri unaoshika umeme ukikatika, inakupa dakika chache za kusevu na kuzima vizuri. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo ikianza kupasha moto, itaizidi. Rauta na swichi ziwekee kile kibetri chao kidogo, umeme ukikata wenye laptopu wanaendelea na kazi.

Na kazi yako usiitegemeze intaneti peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, wengi huku tulikwama siku kadhaa, na hata laini ya pili ya mtandao mwingine huenda ingekwama vilevile. Tuliokuwa na nakala za mafaili kwenye diski ya nje pale pale ofisini ndio tuliendelea kufunga hesabu, wenye kila kitu mtandaoni walikaa wanasubiri. Mdogo wangu hiyo diski nimeshamnunulia mimi, waya anakwenda kuchagua Jumamosi na wembe mfukoni.